Sauti Yenye Mikwaruzo

Kabla ya kupasuliwa koo, baba yangu alikuwa akiwaita ng'ombe kwa kuimba. Jioni alisimama kwenye lango la zizi, pale kwetu Kenyamonta, akatoa ubeti mmoja wa Kikurya wa kumsifu jike mwekundu mwenye pembe moja, kiongozi wa kundi, na kundi zima likageuka nyumbani. Aliporudi kutoka hospitali, sauti ilikuwa imebaki mikwaruzo. Akaanza kugonga debe. Kanisani alifunga mdomo, na sisi alituongoza kwa vidole na minong'ono. Niliumia, lakini zaidi nilikasirika, maana daktari alishamruhusu kuongea.

Kitu pekee kilichomtuliza ni kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Redio za Kenya huku kwetu zinaingia bila kuombwa, na Jumapili mchana zinapiga kantri mpaka chai inapoa kikombeni. Baba hajui Kiingereza hata cha kuomba maji. Alimpenda mwimbaji mmoja tu, mzee mwenye sauti nzito, iliyochakaa.

Redio yake ilikuwa inakoroma, kwa hiyo nikaenda kwa fundi mmoja mjini Bomani, ninakofanya kazi, anijazie nyimbo zile kwenye flashi. Akaniambia anazo zilizoimbwa upya na mwimbaji mwingine, mwenye sauti laini kabisa. Nikalipa, na shukrani juu yake.

Baba akasikiliza wimbo wa kwanza. Wa pili akauzima katikati.

"Huyu hajawahi kuibiwa ng'ombe," akanong'ona.

"Tata, nyimbo ni zilezile. Maneno ni yaleyale."

"Maneno siyajui. Mimi namsikiliza mtu. Yule mzee ukimsikia unajua amepitia mambo. Huyu ameoga tu."

Nilicheka, halafu hasira ikanipanda. "Yule mzee koo lake limeharibika kuliko lako, na kila Jumapili unakaa kumsikiliza mchana kutwa. Sasa wewe sauti yako unamficha nani?"

Kwetu mtoto hasemi hivyo kwa baba yake. Akaniangalia, akachukua fimbo, akatoka. Nikajua nimeharibu.

Ilipofika saa kumi na mbili sikusikia debe. Nilisikia kitu kama lango linaloburutwa chini, nikachungulia dirisha la jikoni. Baba alikuwa anaimba ule ubeti wake. Ng'ombe wakaendelea kula majani. Akakohoa, akaanza upya, nami nimeshika mwiko, namwomba Mungu awape wale wanyama akili angalau leo. Ubeti ulipofika kwenye ile pembe moja, yule jike akainua kichwa, akasimama kidogo, akaanza kuja. Wenzake wakamfuata.

Nilitoka nje machozi yakinitoka, wala sikuyafuta. Baba alikuwa ameweka mkono shingoni mwa ng'ombe wake.

"Amenijua," akaniambia, na hakunong'ona.