Popi na Barabara ya Karuzi

Kamba ya katani ikinyeshewa hutoa harufu nzito, kama ya gunia lililosahauliwa nje, na harufu hiyo hushika viganjani hata ukinawa kwa sabuni. Msimu wa mvua tuliorudi Burundi mikono yangu ilinuka hivyo asubuhi hadi jioni, kwa sababu kazi niliyopewa ilikuwa kumshika mbwa wetu, Popi. Tulivuka mpaka wa Kobero tukiwa juu ya lori, baba yangu na mimi, Popi akiwa amelala kati ya godoro na masufuria. Baba alikimbilia Tanzania akiwa kijana, akanipata huko kwa mwanamke wa Kibondo ambaye hakuwa mkimbizi wala hakuwahi kuiona Burundi. Sasa vita ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wakirudi kilima kwa kilima, kama wanavyoita vijiji huko, na baba alitaka kulidai shamba la wazazi wake huko Makebuko kabla watu hawajasahau lilikuwa la nani. Mama hakupanda lori. Bibi, mama yake, alikuwa mgonjwa kitandani, na mama alisema atatufuata bibi akipata nafuu. Popi alikuwa mbwa wake, aliyezoea kumtangulia shambani bila kitu shingoni. Siku ile mama alimfunga kwa mara ya kwanza, akanikabidhi ncha ya kamba. "Mshike vizuri," aliniambia. "Nitamkuta kwako."

Tulifikia Muyinga kwa shangazi Konsolata, dada mkubwa wa baba, mwanamke mpole aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake ya matofali. Kwa ajili ya kuku hao Popi alifungwa mchana kutwa, na mtu wa kumtembeza nilikuwa mimi. Kumtembeza ni neno tu. Tukishatoka kwenye ua alijitupa mbele kwa mwili wote, kucha zikichimba tope, pumzi ikimkwaruza kooni, nami nyuma yake nikiteleza huku kamba ikinichuna vidole. Nilipomvuta arudi alizidi kuegemea mbele, kana kwamba nilikuwa nimemwambia aongeze nguvu. Baada ya muda niliona kwamba mara nyingi alielekea kwenye barabara yanakotokea malori ya mpakani, nikajiambia kwamba najua anakotaka kwenda. Hakuna mtu mzima aliyenitia wazo hilo kichwani. Nilimweleza shangazi peke yake, jikoni, akiwa anamenya viazi vitamu. Alinichagulia kiazi kikubwa zaidi, akaniambia nikae karibu na moto.

Siku moja ya soko mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuja kumtafuta baba. Walizungumza nyuma ya nyumba, wamesimama, na mgeni hakukubali hata maji. Baba aliporudi ndani aliketi bila kugusa chakula. Nilipomuuliza habari za huko alisema bibi bado anaumwa. Tangu siku hiyo aliacha desturi yake ya kwenda kando ya barabara kuwauliza waliovuka mpaka habari za mama. Niliona kwamba ameacha, lakini sikuwa na umri wa kuelewa.

Kutoka Muyinga tulikwenda Gitega. Shamba la Makebuko lilikuwa na watu, familia iliyowekwa pale wakati wa vita, na shauri lilikuwa mikononi mwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima. Baba alitaka kukaa karibu, akapanga chumba mtaa wa Nyamugari, katika ua wa Mama Zuhura, mjane aliyeshona nguo na kukaanga maandazi. Siku tuliyofika alimtazama Popi kwa muda, akajifunga kanga vizuri. "Mi sikatai mbwa," alimwambia baba. "Iko kiumbe ya Mungu. Lakini mumufunge, hapa tunasali." Baba alimshukuru, akamfunga Popi kwenye nguzo ya choo, mbali na mikeka. Kiswahili changu cha Kibondo kiliwachekesha watoto wa pale. Walisema naongea kama redio. Nilikaa kimya zaidi, na jioni nilimchukua Popi tukapita maduka madogo ya mtaa wa Magarama, yeye akivuta, nami nikimfuata, wauza ndizi wakiuliza nani anamtembeza mwenzake.

Huko Gitega nako alikuwa na upande wake. Tukifika njia panda alilazimisha kushika barabara ya Karuzi, na barabara ya Karuzi ndiyo inayokwenda hadi Muyinga. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu tulipokuja, kwa hiyo sikuwa na shaka tena. Popi alijua njia ya kwa mama. Kilichokuwa kikimzuia ni mimi.

Basi alasiri moja, baba akiwa Makebuko kwenye shauri, nilifunga gauni langu na viazi vya kuchemsha ndani ya kitenge, nikamfungua Popi na kumwacha aongoze. Sikumvuta hata kidogo. Tulipita nyumba za mwisho, mawingu yakishuka juu ya migomba, na kadiri tulivyokwenda ndivyo alivyoongeza mbio, hata nikawa nakimbia kweli, nikicheka mwenyewe, nikifikiria mama atakavyoshangaa kutuona. Kisha akaacha barabara ghafla. Alinishusha kwenye mteremko hadi shimo lililokuwa nyuma ya machinjio, penye mifupa, pembe na nzi, akachagua mfupa, akajilaza nao katikati ya miguu ya mbele. Nilimwita. Nilimwonyesha barabara kwa kidole. Hakuinua hata kichwa. Nilikaa kwenye ukingo na kitenge changu mapajani, na mvua ikaanza.

Mama Zuhura ndiye aliyegundua kwamba nguzo haina mbwa. Alipomwona baba akirudi alimwelekeza barabara ya Karuzi, naye akakodi baiskeli ya kubeba abiria, akiuliza njiani. Alishuka, akaja kuketi kando yangu kwenye majani yaliyolowa. Nilidhani atanichapa.

"Baba, Popi amesahau njia," nilisema.

"Hakusahau, mwanangu. Hakuwahi kuijua."

Akanieleza taratibu, macho yake yakiwa kwa mbwa. Mwendo wa mbwa si mwendo wetu. Hatua zetu kwake ni za polepole mno. Pua yake inamwambia kuna kitu mbele, naye anataka kukifikia. Popi alikua bila kamba, hajui kamba inataka nini. "Na kila anapovuta, wewe unamfuata," alisema. "Basi amejifunza kwamba akivuta anafika. Ni hilo tu, Odeta. Hamtafuti mtu."

Nikamuuliza, kama Popi hajui, nani atamwonyesha mama tulipo. Baba alimtazama mwenye baiskeli, aliyeanza kukohoa kule juu.

"Mama haji," alisema. "Bibi yako alishapona. Tukiwa Muyinga mama alinitumia ujumbe kwa yule mfanyabiashara kwamba hawezi kuacha kwao aje kuanza maisha mahali asipojua mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Kila nilipokuona na huyu mbwa, nilishindwa."

Tulirudi tukiwa tumelowa wote watatu. Mama Zuhura alinivua nguo, akanipa chai ya tangawizi, akanifunika kanga yake mwenyewe. Nadhani alikuwa anajua kabla yangu. "Mama yako iko muzima," aliniambia. "Lia, lakini usimulilie kama maiti." Nililia hivyo hivyo.

Siku zilizofuata baba alinifundisha kusimama kila kamba inapokaza, na kutembea ikilegea tu. Mwanzoni hatukumaliza hata uchochoro. Kisha Popi akaelewa, akawa anatembea ubavuni mwangu akinitazama usoni, na wauza ndizi wakanisifu. Mimi sikufurahi. Alipokuwa akivuta, nilikuwa na mahali pa kwenda. Sasa barabara ya Karuzi ilikuwa barabara tu, yenye mbuzi na baiskeli za mkaa.

Shamba liligawanywa nusu kwa nusu na ile familia, nasi tukahamia Makebuko. Popi alifunguliwa, akazeeka, akafa huko. Baba hakuoa tena. Alilima nusu yake mpaka mgongo ukakataa, na jina la mama hakulitaja ila nilipolitaja mimi.

Leo ninaishi Magarama, nina duka la vitambaa na binti aliye na umri niliokuwa nao wakati ule. Mama yu hai, kule kule Kibondo. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kumwona. Tulikaa siku nzima tukiwa na adabu kama wageni, akinipakulia chakula, nikimshukuru. Lakini siku hizi kuna simu ya video, na Jumapili mchana uso wake huja mpaka kwenye meza yangu. Binti yangu humsimulia mambo ya shule, naye mama hucheka na kumwita kipenzi, kwa sauti ambayo mimi siikumbuki. Wakishanogewa hivyo nawaachia simu, natoka kukaa barazani mpaka wamalize.