Dirisha la Daktari

Daktari wetu husikiliza wagonjwa akiwa amefumba macho, vidole vikielea juu ya meza kana kwamba anapapasa maji. Upepo wa ziwa ukiinua pazia, hata mimi nesi wake husahau foleni iliyo nje. Jana aliingia Dorca, mwalimu anayenuka samaki tangu utotoni; popote aingiapo, watu hufungua madirisha.

"Mimi huoga mpaka ngozi inauma," alisema.

Daktari alivuta pumzi ndefu, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu. "Si uchafu, mwalimu. Ni ugonjwa, ni vile tu hauonekani mara nyingi. Kuna chakula mwili wako unashindwa kukisaga chote, harufu yake inatokea kwa jasho. Tutapima mkojo. Kwa sasa acha samaki na mayai."

Dorca akaanza kulia. Daktari akainuka, akafunga dirisha, akasogeza kiti chake karibu naye.