Mfuko wa Kulia wa Koti la Guka

Koti la baba mkwe wangu lina mifuko miwili ya nje, lakini tangu niolewe hapa Kabazi nimeona mkono wake ukiingia mmoja tu, ule wa kulia. Ni koti zito la rangi ya kahawia, la kuvaliwa Julai. Yeye hulivaa hata Januari, jua likipasua udongo. Wamama wanaouza kabichi sokoni humtania.

"Kang'ethe, kwani jua lako na letu si moja?"

"Jua ni moja," anawajibu. "Mifupa ndiyo tofauti."

Ndani ya mfuko huo kulikuwa na bastola. Bwanangu Jamleck aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa, kwa sababu anayefua nguo za watu lazima ajue. Zamani mzee alikuwa akikusanya maziwa ya majirani kwa pikapu yake, na mwisho wa mwezi anawalipa. Wezi walijua hiyo siku. Waligonga, na mke wake, Njoki, akafungua akidhani ni mtoto wa jirani amekuja kuomba moto. Walimpiga kichwani kwa chuma. Mzee alikuwa pale pale, mikono mitupu. Mama alilazwa Nakuru, akarudi, lakini hakupona sawasawa, na mwaka haukuisha kabla hawajamzika.

Mzee akaomba leseni ya bastola na akapewa. Aliambiwa asiruhusu watu waione.

Mwanzo alikuwa akiibeba kwa mfuko wa suruali. Jamleck husema suruali ilivutika upande mmoja na umbo likatokea wazi, kama limechorwa kwa penseli. Siku moja kwenye foleni ya maziwa, kijana mmoja anaitwa Bravin akamuuliza, "Mzee, hapo umebeba ndizi ama umebeba shida?" Watu walicheka. Lakini kesho yake foleni ilisimama mbali naye.

Ndipo akapeleka koti kwa Omolo, fundi wa nguo aliye karibu na stesheni ya reli Nakuru. Akamwambia anataka mfuko wa kubebea Agano Jipya. Omolo akashonea ndani kipande cha ngozi ngumu kutoka kwa begi kuukuu la shule, na kwa nje mfuko ukaonekana bapa, na pembe nne. Alipomrudishia koti aliupima mfuko kwa macho, akasema, "Mzee, hili Agano lako naona ni zito." Hakuuliza zaidi.

Na watu waliamini. Kanisani walimsifu kwamba ni mzee anayetembea na Neno. Hakukubali wala hakukataa. Aliweka tu mkono juu ya mfuko.

Kisha nikazaa. Mimi ni Mbukusu, lakini kwao Wakikuyu mtoto msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hivyo wangu akawa Njoki. Wamama waliokuja na uji kuona mtoto walipiga vigelegele. "Kang'ethe, bibi yako amerudi! Simama umpokee!"

Nilimnyooshea mzee mtoto. Mzee alirudi nyuma. Akaleta mkono wa kushoto peke yake, akagusa wayo wa mtoto kwa kidole. "Nina mafua," akasema. "Baadaye."

Mimi nilijua ni kwa sababu yangu, kwamba hataki jina la mkewe likae kwa mtoto wa Mbukusu.

Kesho yake nilikuwa naanika nepi, akaja akasimama upande wa pili wa kamba.

"Mama Njoki, si wewe. Si mtoto pia. Ni hii." Akapigapiga mfuko. "Mtoto hurusha miguu."

"Si uifungie kwa sanduku, Baba, hata kidogo tu?"

"Siku ile sikuwa nayo. Unajua tulichovuna."

Nikaanika nepi iliyofuata.

Njoki akaanza kutambaa, na mimi nikawa mbio mbio. Akikaribia kiti cha guka, yaani babu yake, namnyakua. "Toka kwa guka! Toka!" Alijua neno *toka* kabla ya kujua *maziwa*. Alipoanza kutembea alizunguka kile kiti kwa mbali, vile kuku huzunguka mbwa aliyefungwa. Mzee akitoka sokoni humletea mandazi. Anaiweka ukingoni mwa stuli na kuvuta mkono. Mtoto anakuja, anachukua, anakimbia.

Mwezi uliopita nilikuwa nakama, nikasikia maji yakipiga. Kuna tangi fupi la saruji ambalo ng'ombe hunywea. Njoki alikuwa ametumbukia, na mzee alikuwa ameshafika. Alimshika gauni kwa mkono wa kushoto, anamwinua, gauni linateleza, anamwinua tena. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Niliangusha ndoo, nikamtoa mtoto mimi. Alikohoa, akatapika maji, akalia, nikashukuru Mungu kwa kile kilio.

Mzee alibaki amesimama. Alikuwa anauangalia ule mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

Asubuhi alipanda gari la Nakuru. Aliporudi, koti lilikuwa begani na yeye amebaki na shati. Bastola aliirudisha polisi, na leseni pia. Akaketi kwenye kiti chake, akafungua mikono yote miwili.

"Njoki. Bibi yangu. Njoo."

Mtoto alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Nenda, mama," nikamwambia. "Nenda kwa guka."

"Toka kwa guka," Njoki akasema, na kichwa akakitingisha, kama ananikumbusha mimi niliyesahau.

Nilitaka kumbeba nimpeleke kwa nguvu. Mzee akanizuia.

"Mwache. Anajua vile tulimfunza." Akakunja mikono polepole, akaiweka kwa magoti. "Bibi zangu wote wawili nimewachelewea."

Akaniomba nifumue ile ngozi mfukoni. Omolo alikuwa ameshona kwa uzi wa viatu, ikanichukua mchana mzima na wembe. Mzee alinitazama nikifumua, mandazi ikiwa ukingoni mwa stuli. Njoki alikuja, akaichukua, akakimbia.