Gundi Iliyoganda Chome

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso unaniwaka moto. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi seremala pale Same mjini, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Gundi ya dukani tulikuwa tunaisikia tu. Hata misumari tulinyoosha ile iliyokwisha kupinda.

Mjomba wangu Sekiete, aliyenifundisha useremala, alinionyesha kupika gundi ya ngozi. Tuliokota vipande vya ngozi ya ng'ombe mnadani, tukaviloweka siku kadhaa kwenye maji ya chokaa, tukavisuuza, kisha tukavipika. Hapo kwenye kupika ndipo penye kazi. Sufuria hukaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, moto mdogo, mvuke utoke lakini isichemke, tangu asubuhi hadi alasiri. Ikipoa inaganda, ukiipasha inarudi kuwa maji, unapaka, unabana mbao zako. Ukiichemsha umeiua: itanata vidoleni, lakini mbao haitazishika.

Basi Mama Namsifu akaniagiza kiti. Alikuwa mjane mwenye mguu mbovu, anashona kwa cherehani kibarazani kwake, na kiti chake cha zamani kilimchosha mgongo. Wiki hiyo nilikuwa nimepanda kwetu Chome, milimani, nikapikia gundi huko. Nikaona uvivu kungoja kutwa nzima. Nikachochea moto, ikatokota, nikamaliza mapema nikaenda zangu kutembea. Alfajiri, katika baridi ile ya kwetu, nikaibonyeza kwa kidole nikakuta imeganda vizuri kabisa. Nikacheka peke yangu, nikijiona nimemzidi mjomba akili.

Nikashuka nayo Same, nikaunga kiti, nikampelekea. Siku ya tatu, jua la mchana likiwaka, viungo viliachia. Mama Namsifu alianguka, mkono wake wa kulia ukateguka. Kwa mkono ule alikuwa analisha watoto wanne.

Nami nikaongeza ubaya juu ya ubaya. Mbele ya majirani nikasema, "Mama, mbao ilikuwa mbichi. Aliyeniuzia ndiye kaniponza."

Akanijibu taratibu, "Haya, baba. Pole na wewe."

Mjomba aliposikia hakufoka. Aliniomba gundi iliyobaki, akaiweka mezani kwenye karakana, na kando yake akaweka ya kwake. Mchana ulipofika, yake ilikuwa imelegea kidogo tu. Yangu ilikuwa uji.

"Hii uliipima wapi?" akauliza.

"Chome, mjomba. Alfajiri."

"Na yule mama anakalia kiti wapi?"

Nikatazama nje, jua la Same likiwaka.

"Kwa baridi ya kule hata mchuzi wa makongoro ya ng'ombe unaganda," akasema. "Nenda kamwambie ukweli. Na wale majirani wawepo."

Nilikwenda, majirani wakiwepo. Nikasema yote, moto niliouchochea na uongo wangu. Mama Namsifu alinisikiliza hadi mwisho, mkono umefungwa kitambaa, nami nikatamani anitukane.

"Kiti utatengeneza kingine," akasema mwishowe. "Lakini aliyekuuzia mbao ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimtumia mtu amwambie asikanyage tena hapa kwangu."

Wallahi sikujua. Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikatoka kumfuata yule bwana, nikamwambia ukweli, nikamleta mimi mwenyewe kwa dada yake.

Siku hizi maduka yamejaa gundi za kila aina, na wewe huna haja ya kuokota ngozi mnadani. Haidhuru. Nakuomba hivi, mwanangu: kila jambo lipe moto wake na muda wake. Ukitaka kujua kazi yako ni nzima, usiipime mahali panapokupendelea, ipime kwenye joto lile lile ambamo watu wataitumia. Na ikivunjika, sema ni wewe, siku hiyo hiyo. Dada na mdogo wake walipatana, namshukuru Mungu. Ila yule bwana hakuniuzia tena ubao hata mmoja, na kila tulipokutana njiani alivuka upande wa pili, mpaka tulipomzika.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi mwepesi wa kukiri. Nenda salama.