Mchanga Ndani ya Pampu

Siku pampu ya maji ya pikapu yetu ilipokufa, nilifurahi. Mume asiye na gari, nilijiambia, atatulia nyumbani tujuane vizuri.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwenye gari lake alitazamwa kwa jicho la pembeni. Sisi tuliitwa mabepari kwa sababu ya pikapu kuukuu ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Bepari gani anasukuma gari kila asubuhi? Lakini jicho langu mimi lilikuwa kwa mwenye gari. Alikuwa akipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, Mbinga mjini, safari ambayo mtu anarudi kabla chakula cha mchana hakijaiva. Basi kuna siku anarudi jua linazama, eti foleni ilikuwa ndefu. Foleni ya kahawa, halafu shati linanuka samaki! Mimi ni Mnyasa, nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Nidanganye juu ya kahawa ukitaka, si juu ya usipa, dagaa wa kwetu.

Jirani yangu, mke wa katekista, ndiye aliyemwaga petroli motoni. "Mama, mwanaume akichelewa mara moja ni foleni. Akizoea, ana nyumba ya pili."

Nilichotaka kujua kilikuwa hicho tu: nimeolewa peke yangu, au nina mke mwenzangu huko ziwani? Maana mume wangu hakuwa na wa kumtembelea kule. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba, mzee wa kanisa la Anglikana, alinifungia mlango nilipokubali kufunga ndoa kwa Waroma huku milimani. Alisema hana tena binti, na tangu siku hiyo sikukanyaga kwake.

Sasa pampu imekufa, inavuja, inapiga kelele, na bwana hataki kuita fundi. Amepata pampu nyingine kwenye gari bovu lililoachwa misheni, anataka kuifunga mwenyewe hapo uani. Kwa nini asitake mtu mwingine aguse gari lake? Nikavuta kigoda na ungo wangu wa maharage, nikakaa karibu na gurudumu.

"Huna kazi jikoni?" akaniuliza.

"Kazi yangu leo iko hapa, Baba watoto."

Alimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akalegeza mkanda, akatoa feni. Bolti moja ikagoma. Akaipaka mafuta ya taa, akaigonga, akaitukana kwa Kimatengo cha kwao, ikakubali. Pampu ilipotoka, mhimili wake ulikuwa unacheza kama jino bovu. Akachukua tambara haraka ili aifute. Haraka ya nini? Nikaingiza kidole kabla yake.

Kidole kilitoka kimejaa mchanga. Si udongo mwekundu wa kwetu milimani, ni mchanga mweupe, na ndani yake vipande vya makombe ya konokono wadogo. Nimecheza kwenye mchanga ule tangu sijaota meno.

"Huu umetoka wapi?"

"Barabarani."

"Barabarani kuna konokono wa ziwani? Toba! Yuko nani huko anayekujazia maji ya ziwa kwenye rejeta?"

Akainamia pampu. Nikainuka ghafla, maharage yakamwagika, na niseme wazi, niliogopa zaidi ya nilivyokasirika. Nikamwambia, "Funga gari. Ukimaliza tunakwenda kwake, wewe na mimi."

Akaweka tambara chini. "Sawa," akasema. "Labda ni heri."

Heri gani tena! Akakwangua gasketi iliyoshikamana, akakata nyingine kwenye katoni ya sabuni, akaipaka grisi. Mimi ndiye niliyemshikia katoni. Pampu ilipokaa sawasawa, maji ya rejeta nikayachuja kwa kanga yangu mwenyewe, asipate kisingizio cha kurudia njiani.

Tulishuka milima yote. Nilishapanga cha kumwambia huyo mwanamke, na sauti ya kumwambia. Tukapita Mbamba Bay, nikaona hasimami. Akakata kona niliyoijua hata kwa kufumba macho, akaenda kusimama mbele ya nyumba ya baba yangu.

Baba alitoka ameshika ndoo. Hakututazama. Alishuka moja kwa moja mpaka majini, akachota pale pale mawimbi yanapochimbua mchanga, akaanza kupanda.

"Ndiye huyo anayenijazia maji," mume wangu akasema taratibu. "Nikimsalimu haitikii. Nikimwomba uje muonane, hajibu. Mara ya kwanza nilimwomba maji ya kunywa, akasema maji ya nyumba hii si ya Mroma. Lakini gari lilikuwa linachemka. Akasema gari halina dini."

Kwetu ufukweni, mgeni akiondoka mlangoni kwako bila maji, aibu ni yako, si yake. Baba alikuwa amekwama kati ya kiapo chake na adabu yake, akapata pa kupitia kwenye rejeta.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikwambie amekukataa tena? Ulishalia vya kutosha."

Nilitamani kumpiga kofi, nilitamani kumkumbatia. Nikateremka.

"Shikamoo, Baba."

Alisimama. Hakuitikia. Akainua ndoo kuelekea mbele ya gari, akangoja afunguliwe boneti kama kawaida. Mume wangu hakushuka.

"Leo halichemki, mzee," akasema kupitia dirishani. "Tumefunga pampu mpya. Limejaa."

Baba akabaki na ndoo mkononi, maji yakitikisika. Alitazama gari, akatazama maji. Hatimaye akanitazama mimi, na nikaona amezeeka. Akaingia ndani, nikadhani ndiyo basi, amefunga tena. Akatoka na kikombe cha bati, kile alichokuwa akinywea mama. Akakichovya ndooni, akanipa kwa mikono miwili.

Nikanywa yote. Kisha akachota kingine, akakipeleka dirishani kwa mume wangu.

Mchanga ulikuwa unasagika kwenye meno yangu. Sikuutema.