Kofia ya kufuta ndoto mbaya

Leo mama mmoja amenifunga mdomo mbele za watu, na nilistahili.

Hapa mtaani Mushasha wabunifu wameleta maonyesho: kofia ya miaka ijayo, ukilala nayo inafuta ndoto mbaya. Ya kubuni tu, ili tubishane.

Mimi tena! Nikawaka: "Leo wanafuta ndoto, kesho kumbukumbu!"

"Kaka, punguza kelele," akasema mama huyo, mkulima aliyesikia habari za kofia akatoka mbali, Muyinga, alfajiri. "Kila nikilala, mwanangu anazama tena. Nivalisheni."

Mbunifu akainama. "Mama, samahani. Haifanyi kazi. Ni mfano."

Mama akaivaa hivyo hivyo.

"Basi itaanza lini kufanya kazi?"

Ninyi mngemjibu nini?

Mpaka naondoka, hakuwa ameivua.