Mazoezi ya Watu Wawili

Asubuhi moja ya mwezi wa sita naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya upumbavu wangu. Baridi ya Mbeya ya wakati huo unaijua. Mimi na rafiki yangu Tupokigwe, niliyezoea kumwita Tupo, tulisimama chini ya mlima, kila mmoja na dumu la maji limefungwa mgongoni kwa kanga, na Mwalimu Sanga akatuambia tupande polepole huku tukiongea. Nikaona tumeibiwa.

Ngoja nikueleze tulifikaje pale. Shamba moja la miti upande wa Iringa lilikuwa linatafuta walinzi wa moto, na habari zilifika mpaka mtaani kwetu. Usaili wenyewe haukuwa wa karatasi. Unabebeshwa bomba la mgongoni lililojaa maji, unapanda kilima, na usipofika kwenye bendera kabla ya filimbi unarudi kwenu. Mimi niliitaka ile kazi kama msichana yeyote wa miaka ishirini anavyotaka mshahara. Tupo aliihitaji. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, anaishi kwa kaka yake, na wifi yake alikuwa ameanza kuhesabu vijiko vya sukari.

Mwalimu Sanga alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyefundisha watu mazoezi, na bei yake ilitushinda sote wawili. Tulipokwenda kumwomba, alitazama kwanza viatu vyetu, kisha akasema, "Nitachukua hela ya mtu mmoja, mtagawana. Lakini mje wote wawili. Mmoja asipokuja, hakuna kipindi." Tulikubali kwa furaha, na lile sharti mimi sikulifikiria hata kidogo. Kaka yake Tupo naye alikuwa na sharti lake: dada yake asipande mlima alfajiri bila mwenzake.

Tukapanda wiki mbili kati ya sita zilizobaki kabla ya usaili. Hakuna kukimbia, hakuna kuruka. Kila tulipoanza kuhema mwalimu aliuliza, "Mmeulizana habari za nyumbani?" Maana yake tupunguze mwendo mpaka maneno yatoke. Kesho yake tunaongeza maji kidogo kwenye dumu, tunarudia njia ileile. Mimi nikachoka, si miguu, ni moyo. Maji nimebeba tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kumlipa mtu anitazame nikibeba. Tena jasho silioni! Siku hizo tuliamini mazoezi ni jasho, na kwenye baridi ile jasho halikuwa na haraka ya kutoka.

Basi nikaacha, na sikuaga. Nilinunua koti la mvua la mtumba pale Mwanjelwa, nikalivaa chini ya sweta, nikawa nakimbia peke yangu barabarani. Nilirudi nyumbani nimelowa kama mtu aliyenyeshewa, nikajiona bingwa. Hela ya mwalimu niliyookoa niliila chipsi, nisikufiche.

Tupo alinifuata nyumbani mara mbili. "Atu, twende hata wiki hii tu," aliniambia. "Kaka haniruhusu peke yangu, na ile nusu yako sina pa kuitoa." Nikamjibu na yeye atafute koti la plastiki akimbie. Akimbie wapi, na nani, sikuuliza.

Siku ya usaili nilianza kwa kasi, nikawapita wengi, watu wakanipigia makofi. Katikati ya kilima pumzi ikakata, miguu ikaanza kutetemeka, nikakaa chini na bomba langu mgongoni. Nikiwa pale nilimwona Tupo akinipita. Alipanda vilevile alivyofundishwa, hatua fupi, uso umetulia, nikajua huyu anafika. Zikiwa zimebaki hatua kama ishirini, mwili ukamkatalia. Alisimama, akaanza tena, na filimbi ikalia akiwa bado hajaifikia bendera. Wiki mbili alizozipata zilimfikisha hapo. Wiki nne nilizomnyima zingemmalizia safari.

Sikulia siku ile. Aibu ilinipata baadaye, nilipokutana na Mwalimu Sanga sokoni amebeba kabichi. Nilijieleza sana, kwamba mazoezi yalikuwa yangu na kuacha ilikuwa hiari yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti, ungeacha ya kwako peke yake nisingekuwa na neno. Uliacha na ya mwenzio." Akahamishia kabichi mkono wa pili, akaenda zake.

Tupo hakuwahi kunigombeza. Alikwenda Ubaruku, akaanza kuleta mchele na kuuuza, mtoto wake akakulia kwenye magunia, na leo ana meza yake Mwanjelwa. Tunasalimiana vizuri. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, akinipimia mchele, alisema bila hasira, "Ungeniambia mapema, Atu, ningetafuta mtu mwingine wa kupanda naye." Afadhali angenitukana.

Sasa wewe, mwanangu, umenipigia simu kutoka Iringa kwamba unachangia mwalimu wa mazoezi na wenzako wawili, na unataka kuacha kwa sababu video za bure zimejaa kwenye simu. Video ni nzuri, zitazame. Dumu la maji na ngazi za kanisani pia ni bure, vitumie. Usione aibu kumwomba mwalimu bei ya kugawana, wala usimpime kwa jasho; anayekupandisha polepole huenda ndiye anayejua unakokwenda. Lakini kabla hujaacha, jiulize ni nani atakayebaki chini ya mlima kwa sababu yako. Uliniambia mmoja wenu ameagizwa na daktari afanye mazoezi, presha imempanda. Basi kama ni lazima uondoke, sema mapema, maliza mwezi uliouahidi, na uwatafutie mtu wa kushika nafasi yako. Mimi ningependa usiondoke.

Mungu akupe magoti imara na pumzi ndefu. Na siku utakapofika juu, akujalie uwe bado unaongea, na awepo wa kukujibu.